Kuweka mpira wa mkojo kupitia juu ya kinena, hatua kwa hatua

Maelezo haya ni kwa daktari au afisa tabibu ambaye ameshaiona kazi hii na anaifanya chini ya msimamizi. Kama hujawahi kuiona, kasimame kwanza pembeni ya anayeijua.

Mgonjwa tunayempata mara nyingi ni mzee mwenye tezi dume iliyokua: mkojo umeziba tangu jana na mpira wa kupitia uume umegoma. Wengine njia yao ya mkojo imesinyaa kwa makovu. Kijana wa bodaboda aliyevunjika nyonga na kutokwa damu kwenye tundu la uume, usijaribu kumlazimishia mpira kwa chini, maana njia iliyochanika kidogo unaweza kuikata kabisa.

Usianze ikiwa kibofu hakipapasiki, mgonjwa ana saratani ya kibofu au anakojoa damu isiyojulikana chanzo, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana kovu la upasuaji chini ya kitovu. Penye kovu, utumbo unaweza kuwa umenata mbele ya kibofu. Hao wanahitaji altrasaundi na mtu mwenye uzoefu zaidi.

1. Mlaze na umweleze. Alale chali, kichwa kikishushwa kidogo ili utumbo usogee juu. Papasa, kisha gonga kwa kidole: kibofu kilichojaa hutoa mlio mzito. Mwambie, "Mzee, sindano ya ganzi itachoma, halafu utasikia nakusukuma tumboni. Maumivu yakizidi niambie, nasimama."

2. Safisha na utie ganzi. Nyoa, paka iodini, tandaza vitambaa tasa. Mahali penyewe ni katikati kabisa, vidole viwili juu ya mfupa wa kinena. Lidokeini ya asilimia 1, ml 10, hutosha wengi. Kipimo kisizidi mg 3 kwa kilo, kwa hiyo mzee wa kilo 50 asipite ml 15.

3. Tafuta mkojo kwa sindano. Hapa ndipo usalama wote ulipo. Ukishatia ganzi kwenye ngozi, endelea ndani taratibu, ukivuta bomba kila unaposogea. Mkojo ukiingia, bana sindano kwa vidole pale inapogusana na ngozi, ndipo uichomoe. Urefu uliobaki mbele ya vidole vyako ndio umbali wa kibofu, na mwelekeo ule ule ndio wa trokari, yaani chuma chenye ncha kali kilichovikwa ala (mrija wa nje) cha kutobolea hadi kibofuni. Mtu mnene anahitaji sindano ndefu, kama ile ya uti wa mgongo. Usipopata mkojo, acha. Trokari haitaona kile ambacho sindano haikukiona, na ikikosea inatoboa utumbo. Nimeona watu wakisema "lazima kipo hapa" na kusukuma. Usiwe mmoja wao.

4. Kata, ingiza. Chana sm 1, ngozi pamoja na utando mgumu wa misuli chini yake. Mkono mmoja usukume trokari kwa kuizungusha, mwingine uishike karibu na ngozi iwe breki, isizame kupita ule umbali uliopima. Utahisi ukinzani umeachia ghafla. Chomoa chuma cha ndani, mkojo utaruka. Pitisha haraka katheta ya Foley (mpira wenye puto nchani) saizi 16 ndani ya ala, uiingize vya kutosha. Mkojo ukishatiririka kwenye mpira, jaza puto kwa ml 10 za maji tasa, kisha ondoa ala. Unganisha mfuko, funika kidonda kwa shashi.

5. Kaa naye. Pima presha na mkojo kila saa. Aliyeziba kwa muda mrefu anaweza kutoa zaidi ya ml 200 kwa saa, saa baada ya saa. Huyo anahitaji maji na vipimo vya chumvi za damu. Mkojo wenye wekundu kidogo ni kawaida. Tumbo kukakamaa, homa, au kinyesi kwenye mfuko ni dharura ya upasuaji.

Mpira wa kwanza usibadilishwe kabla ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu njia yake haijakomaa. Ukichomoka kabla ya hapo, mgonjwa arudi hospitali saa hiyo hiyo na asiurudishe mwenyewe. Siku ya kubadilisha, fungua mpira mpya na uuweke tayari kabla ya kutoa wa zamani, maana tundu huanza kujifunga upesi.