Kumcha Mungu Kwenye Mizani ya Duka
Kabla hujafungua duka, omba dua kwa namna ya dini yako, kisha futa sahani ya mizani kwa kitambaa kikavu, kwani unga ulioganda humpunja mteja hata bila wewe kukusudia, na uhakikishe mshale umesimama kwenye sifuri. Pima mteja akiona. Sura ya 83 ya Kurani huanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, na Mithali 11 huiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Kwa hiyo mtoto aliyetumwa robo kilo ya sukari, ambaye hawezi kukuhoji, naamini ndiye wa kupimiwa kwa uangalifu kuliko wote, na chenji yake ahesabiwe mkononi, sarafu moja moja.