Jinsi ya kuficha salamu za sikukuu ndani ya alama za sayansi

Chukua jina la sikukuu ulivunje vipande, ukitazama ni vipande vipi vinavyofanana na alama za sayansi. Krismasi hugawanyika vizuri kuwa Kr, I, S, ma, S na I. Kr ni kriptoni, ambayo namba yake ya atomi ni 36. I ni iodini, 53. Na S ni salfa, 16. Kipande cha “ma” hakimo katika jedwali la elementi, lakini wanafunzi wa fizikia wanakijua kutokana na kanuni ya pili ya Newton, F = ma, yaani kani ni tungamo mara mchapuko. Kwa hiyo mahali pa “ma” weka F, na kadi isomeke: 36 – 53 – 16 – F – 16 – 53. Inapendeza zaidi ukikumbuka kwamba Newton mwenyewe alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo.

Elementi zote ziandikwe kwa namba, ili herufi ibaki ya fizikia peke yake, na jambo hilo ulidokeze kwenye kadi. Asubuhi moja ya mvua hapa Mbeya, binti yangu, akiwa amejifunika shuka, alipitisha kidole kwenye jedwali hadi alipofika kwenye F, akaandika fluorini, na neno likaharibika. Usiitume kadi hii kwa simu bila maelezo yoyote: mjomba wangu wa Tukuyu alidhani nimemtumia vocha, akanipigia kuuliza, “Mjomba, hii F naibonyezaje?”

Pasaka haihitaji elementi hata moja, kwa kuwa inaundwa na vipimo vitupu: Pa ni paskali, s ni sekunde, A ni ampea, K ni kelvini, kisha ampea tena. Dokezo lake ni “mnato mara ampea, mara kelvini, mara ampea”, maana mnato wa kimiminika hupimwa kwa paskali-sekunde.

Idi waachie waliosoma hisabati ya kidato cha tano na sita. Andika alama ya integrali, ufuatishe I dI, kisha uombe jibu. Jirani yangu, ambaye ni mhandisi, alinirudishia karatasi ikiwa na nusu ya I kipeo cha pili, pamoja na ile C ambayo wengi huisahau, bila kuona salamu yoyote. Mkewe ndiye aliyelisoma swali lenyewe kwa sauti, akacheka.