Somo: Kabla hujapanda daladala kwenda mjini kununua "memori"

Kijana mmoja alishuka kutoka Kibosho, akanunua flashi ya GB 64 "kuongeza memori", akarudi nayo. Laptopu ikabaki kobe vilevile. Linalotuponza ni neno lenyewe: memori tunaviita vitu viwili.

Nenda soko la Memorial hapa Moshi umtazame muuza mitumba. Mabelo yako stoo; za kuuza leo kazitandaza kwenye turubai. Diski ndiyo stoo: umeme ukikatika, faili zimo. RAM ndiyo turubai: kila programu unayofungua hutandazwa pale, na ukizima mashine hakibaki kitu. Turubai likijaa, kutwa ni kukimbilia stoo na kurudi, ndio huo uzito unaoulalamikia. Prosesa ni muuzaji mwenyewe. Leo tumwache.

1. Fungua programu zako za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Windows liitwalo Task Manager; kwenye Performance, tazama Memory. Ikikaa asilimia 90 muda wote, RAM haitoshi. Ikiwa 40 huku Disk imeganda kwenye 100, na diski yako ni ile ya kuzunguka, hela yako ipeleke kwenye SSD, diski isiyozunguka.

2. Papo hapo soma "Slots used". 1 of 2 maana yake tundu moja liko wazi.

3. Zima, chomoa chaja, toa betri, fungua kifuniko cha chini. Tanua vibanio viwili vya pembeni; RAM itainuka yenyewe kimshazari. Soma kibandiko: PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, vizazi viwili vya RAM. Haziingiliani, pengo la ukingoni limekaa tofauti. Ikikataa kuingia, usiisukume! Ukiona PC3L, nunua yenye hiyo L. Hutumia volti 1.35, si 1.5.

Maswali kutoka mitaani

*Pasua:* Mwalimu, diski ya GB 500 inasoma 465. Nimepigwa?

Hujapigwa, dada. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja. Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu. Baiti ni zilezile.

*Kiboriloni:* Nimefikisha GB 8, inatumia 3 na ushee tu.

Windows yako ni ya biti 32, kaka, haivuki 4. Hamisha faili zako kwanza, ndipo uweke ya biti 64.

*Majengo:* RAM ya kompyuta ya mezani naweza kuichomeka kwenye laptopu?

Ina urefu karibu mara mbili. Utaichomeka wapi?