Kabla ya kupaka rangi vyuma vya ngazi

Wenye nyumba za Goma, kama vyuma vya kushikilia kwenye ngazi ya nje vimeanza kutoa kutu, musikimbilie kopo la rangi. Hapa kwetu moshi wa volkano ya Nyiragongo unatia asidi ndani ya mvua, na chuma kinaliwa haraka.

Angalia kwanza pale nguzo inapoingia kwenye simenti. Maji yanatuama pale, rangi inavimba kama malengelenge. Gonga kwa ncha ya bisibisi: ikizama, muite fundi wa kuchomelea, rangi haitasaidia kitu.

Kama chuma bado kigumu, sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka ukipitisha kidole usisikie ukingo wa rangi ya zamani. Osha vumbi, acha kikauke kabisa. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe siku ileile. Ukikilaza chuma uchi usiku mmoja, asubuhi utakuta wekundu umerudi. Halafu rangi ya mafuta, tabaka mbili nyembamba. Na upande wa chini wa bomba la kushikilia, ambao mafundi wengi wanaupita, upake wa kwanza.