Kulea Shauku ya Mtoto Mwenye Usonji, Nyumbani na Shuleni

Mtoto mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) akipenda jambo, hulipenda kwa undani unaoweza kuwashangaza walio karibu naye: treni, sayari, wadudu, bendera, au feni inayozunguka darini. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, unaitaja shauku ya namna hii miongoni mwa dalili za usonji, na labda ndiyo sababu wazazi wengi huiona kuwa kasoro ya kuondolewa. Dalili humsaidia daktari kutambua hali; haimlazimishi mzazi kupigana nayo.

Anza kwa kutazama kabla ya kununua chochote. Kwa siku kadhaa, andika mtoto anafanya nini hasa anapokuwa na kitu chake: anakipanga, anakisikiliza, anakizungusha, anakariri majina yake, au anauliza kinavyofanya kazi? Watoto wawili wanaoitwa wapenzi wa magari wanaweza kuwa na mapenzi tofauti kabisa, mmoja akivutwa na mzunguko wa magurudumu na mwingine na namba za usajili. Ukimletea wa kwanza kitabu cha aina za magari, atakiweka kando, nawe utadhani hana hamu ya kujifunza, ilhali gia, pia za kuchezea na vinu vya upepo vingemfaa zaidi. Kwa wasichana, utazamaji huu uwe makini maradufu, kwa kuwa shauku zao mara nyingi huangukia mambo ya kawaida kama wanyama, hadithi au waimbaji, na kinachozitofautisha ni ukali wake tu. Hivyo hupita bila kuonekana.

Hatua inayofuata ni kuketi naye na kumwacha awe mwalimu. Uliza swali ambalo kweli hujui jibu lake, kisha usubiri. Si lazima kila mazungumzo yageuzwe kuwa somo. Mtoto hung'amua haraka mtu mzima anapotumia treni zake kama chambo. Mkishazoeana ndipo upanue mambo kidogo kidogo, kutoka treni hadi ramani ya reli, kutoka ramani hadi umbali, na kutoka umbali hadi hesabu ya muda wa safari.

Mwaka 2005, watafiti Dinah Murray, Wenn Lawson na Mike Lesser walieleza kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huelekea kukusanyika kwa nguvu kwenye mambo machache kwa wakati mmoja. Kama ni hivyo, kumkatisha ghafla ni kumng'oa, na kilio kinachofuata si utundu. Mpe taarifa mapema, mwonyeshe kwa picha au kwa saa muda uliobaki, na umruhusu afike mahali penye kituo, kama mwisho wa ukurasa au wa mstari wa vitu anavyopanga. Mweleze pia ni lini atarudi kwenye shughuli yake, na ahadi hiyo itimizwe.

Shuleni, kubandika picha ya dinosaria kwenye karatasi ya hesabu hakutoshi. Shauku iingie ndani ya kazi yenyewe, kwa mfano kwa kupima na kulinganisha urefu wa dinosaria hao. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama nchini Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, alivutiwa ujanani na mashine ya kumbana ng'ombe anapotibiwa, na mwalimu wake wa sayansi akaitumia hamu hiyo kumsukuma asome zaidi. Mchezo wa pamoja unaojengwa juu ya shauku ya mtoto nao humpa nafasi ya kuwa mjuzi mbele ya wenzake, jambo ambalo kumwamuru acheze na wengine haliwezi kulileta.

Sikubaliani na desturi ya kumnyang'anya mtoto shughuli hiyo kama adhabu. Kwa wengi ndiyo njia ya kutulia baada ya kelele na msongamano wa darasa, na kuiondoa siku aliyochoka huongeza tatizo lililokusudiwa kupunguzwa. Mipaka, hata hivyo, ipo: usingizi, chakula, usalama na faragha ya watu wengine, hasa pale shauku inapomhusu mtu fulani anayefahamika. Mipaka hiyo iwe michache, ielezwe waziwazi, na isibadilike kulingana na hasira ya mkubwa. Shughuli ikianza kumwacha na wasiwasi badala ya furaha, akiirudia huku akilia au akiogopa kuiacha, zungumza na daktari au mwanasaikolojia wa watoto.

Shauku nyingine hudumu miaka, nyingine huisha ndani ya wiki. Inapofifia, usimlaumu kwa fedha zilizotumika, wala usigawe vitu vyake kabla ya kumuuliza. Viweke kwenye sanduku anapoweza kulifikia.