Somo: Kufua fuawe ya mkia kwa mkono, na namna ya kuutia uso maji (kuupoza ghafla ili uwe mgumu)

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno kwenye simu, tena na watu walewale. Naliandika leo kwa ukamilifu. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Fuawe ninayoizungumzia ni ya wahunzi wa Ulaya ya Zama za Kati: bonge la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake, lenye uso wa mraba juu, na chini mkia uliochongoka unaochomekwa kwenye gogo. Haina pembe. Katika sanduku la zana lililoibuka shambani Mästermyr, kisiwa cha Gotland, Sweden, mwaka 1936, fuawe ilikutwa pamoja na nyundo na koleo za fundi wa enzi ya Waviking. Zama hizo chuma cha pua (kile kinachokuwa kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla) kilikuwa ghali, kwa hiyo mhunzi alifua mwili kwa chuma laini, halafu akaunganisha bamba la chuma cha pua usoni kwa moto na nyundo. Sisi tuna shafti (mihimili ya chuma inayozunguka) za mashine mbovu, tunafua kipande kimoja.

1. Tafuta shafti ya unene wa milimita 80, urefu 250. Uzito wake ni karibu kilo 10. Kabla hujalipa, kata kipande chembamba, ukipashe moto mpaka sumaku isishike, ukitumbukize majini, kisha pitisha tupa. Tupa ikiteleza, nunua. Ikila, achana nayo.

2. Washa mkaa wa mti mgumu, upepo usikatike. Andaa magunia mawili.

3. Fua mraba. Shafti ya 80 itakupa uso wa kama milimita 70 kwa 70. Unahitaji wapiga nyundo wawili, na wewe unashika koleo na kuongoza. Piga chuma kikiwa cha njano. Kikirudi kwenye wekundu uliofifia, kirudishe motoni.

4. Vuta mkia (yaani urefushe na kuuchongoa kwa nyundo) kutoka milimita 50 za mwisho. Ndiyo kazi nzito kuliko zote; sisi ilitumaliza siku nzima.

5. Sawazisha uso kwa tupa na uviringe kingo kidogo. Fanya hivyo sasa, kwa sababu baadaye tupa haitaingia.

6. Kutia maji. Soma hapa mara mbili. Fuawe yangu ya kwanza niliiinamisha uso chini ndani ya pipa la maji. Maji yaliyogusa uso yaligeuka mvuke papo hapo, na mvuke ukanaswa chini yake kama mto. Mvuke hauondoi joto kama maji yanavyoliondoa. Kingoni, ambako maji yalipita, chuma kikawa kigumu na kona moja ikapasuka. Katikati kikabaki laini. Baada ya wiki mbili za kazi uso ulikuwa na bonde la kulaza kidole, na jasho la siku tatu la watu watatu likawa limepotea.

Basi fanya hivi: inua pipa la lita 200 mita mbili juu ya ardhi, ulifungie bomba la inchi 2. Pasha fuawe yote mpaka sumaku iache kushika, kisha ongeza joto kidogo. Isimamishe uso juu, mkia ukiwa kwenye tundu la bamba zito. Fungua maji yaanguke kwa nguvu katikati ya uso. Maji yanayotembea huusukuma mvuke kabla haujakaa. Usikatize katikati ukaanza upya. Hapo ndipo nyufa huzaliwa. Simama upande upepo unakotoka, na usivae glovu zilizolowa, maana mvuke utakupikia mkono humo ndani.

7. Funga maji uso ukiwa umepoa lakini mwili bado una joto. Sugua uso haraka kwa jiwe la kunolea ung'ae, uangalie. Joto la ndani litapanda na rangi zitatokea. Ikifika rangi ya majani makavu, mwaga maji tena mpaka ipoe kabisa. Ukiiacha ifike buluu, imelegea mno.

8. Chomeka kwenye gogo kavu lenye pete ya chuma. Uso ufike kimo cha vifundo vya ngumi yako ukiwa umesimama wima.

MASWALI

Mdau wa Morogoro: Fundi, nimeokota kipande cha reli kando ya njia ya treni. Kinafaa?

Jibu: Kirudishe. Reli ni mali ya umma, na njia ikihujumiwa abiria wanakufa. Sitasaidia hilo.

Mdau wa Nakuru: Hiyo ya pipa juu ni lazima? Mimi nina ndoo tu.

Jibu: Soma hatua ya 6.

Mdau wa Nakuru: Nimesoma, nauliza njia ya mkato.

Jibu: Njia ya mkato ndiyo niliyoipita mimi, na matokeo yake nimeyaandika.

Mdau wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie oili? Visu vyetu tunavitia oili na vinakuwa vizuri.

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Kisu ni chembamba, joto lake lote hutoka kwa sekunde chache. Hapa kuna kilo 10 za chuma chekundu, na joto la ndani linaendelea kuusukuma uso. Oili hupoza taratibu, kwa hiyo uso wa shafti ya kawaida hautashika ugumu. Tena bonge hilo likiingia kwenye oili kidogo, oili itawaka. Visu endelea navyo hivyohivyo.

Mdau wa Same: Babu yangu alikuwa mhunzi, alifulia juu ya jiwe. Jiwe lile bado liko nyumbani. Nilifanyie nini?

Jibu: Litunze, ndugu yangu. Wahunzi wengi wa kwetu walifulia juu ya jiwe gumu, na majembe yalitoka. Chuma laini chenye moto bado unaweza kukifulia hapo. Ila usiliweke jiwe lenyewe karibu na moto, hasa likiwa na unyevu. Hupasuka na kuruka vipande. Ukipata nafasi tuwekee picha ya uso wake, nataka kuona lilivyolika.

Mdau wa Tanga: Kuhusu kelele: fuawe yangu iliwakera majirani. Nilizungusha mnyororo mzito shingoni mwake, mlio ukapungua sana.

Jibu: Ahsante. Mnyororo ukaze, usining'inie.

Mdau wa Same: Picha nitaweka Jumamosi. Jiwe lina mabonde mawili, moja la duara na moja refu.

Jibu: Pima kina cha lile refu.