Jinsi ya kujenga baraza la mawe la kukalia, lenye haki za Katiba ukutani, kwenye ua wa serikali, hapa kwetu Lamu

Watu wakisikia mnara wa Katiba wanakimbilia fundi na mchango. Anza na ardhi, manake mawe utayapata wiki hii hii lakini kiwanja cha serikali kina mwenyewe na saa zingine kina wenyewe watatu. Ua wa ofisi ya kaunti ni mambo mengine na ua wa DCC, naibu kamishna wa kaunti, ni mambo mengine, huo ni wa serikali kuu, alafu mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 kwa hivo hata kaunti ikikubali bado Makavazi ya Kitaifa wana neno lao. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani uangaliwe faili ya kiwanja ujue mwenyewe ni nani. Ukiambiwa faili haionekani usirudi nyumbani kimya, andika barua ya kuomba habari, taja Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016, wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Kopi yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri hukupeleka kitu.

Wengi watataka uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, na nawaelewa, ngome ile ilikuwa jela mpaka 1984 na kuweka pale haki za mtu aliyekamatwa ni jambo tamu sana. Lakini vibali vyake vitakuzeesha. Mimi ningetafuta ua wa ofisi ambao watu wanakaa kungoja huduma, asome haki yake ya kupewa habari huku karani amemwambia rudi kesho.

Ukishajua mwenye ardhi, kama ni kaunti, peleka petisheni kwa karani wa bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hio. Iwe na majina, namba za vitambulisho, sahihi, unataka nini hasa, ofisi gani ulishaziendea wakakujibu vipi, na useme kama jambo liko kortini au haliko. Mwone MCA wako, mwakilishi wa wadi, mapema lakini usimwachie akubebee yote, akiangushwa kwenye uchaguzi na mradi unalala.

Alafu kikao cha wananchi, na hapa usipunguze. Sisi Lamu tunajua vizuri, leseni ya mradi wa makaa ya mawe ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, sasa utajengaje ukumbusho wa haki kwa mlango wa nyuma? Tangaza misikitini, kwa wavuvi gatini, kwa kina mama, vuka hadi Matondoni na Shela, na mtu akipinga andika alichosema. Wazee watauliza kama ni sanamu. Waambie mapema hakuna sura ya mtu, ni baraza la mawe kama zile za madaka yetu, kwenye kumbi za kuingilia nyumba, watu wakae, na maandishi yawe ukutani nyuma ya mgongo.

Maandishi sasa. Kule Phoenix, Arizona, mwaka 2012 waliweka nguzo kumi za mawe, moja kwa kila kipengele cha orodha ya haki kwenye katiba ya Marekani, jimbo likatoa kiwanja na pesa zikachangwa na watu, mpaka wachekeshaji walifanya shoo. Sisi hatuwezi kuiga hivo, Sura ya Nne ya Katiba yetu, ile ya haki, inaanza Kifungu cha 19 mpaka cha 59, ukiandika zote hakuna atakayesoma. Chagueni sita au saba: 35 habari, 37 kukusanyika na kupeleka malalamiko, 40 mali, 42 mazingira safi, 43 maji na afya, 49 aliyekamatwa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Nakili neno kwa neno kutoka Katiba ya Kiswahili, usifupishe kwa maneno yako, na mkitaka upande wa pili uwe kwa herufi za Kiarabu mpeni mwalimu wa madrasa asome kabla fundi hajashika patasi.

Ujenzi ndo rahisi kuliko yote. Mawe ya kisiwa cha Manda yaliyochimbwa nchi kavu, si matumbawe ya baharini, na chokaa badala ya simiti, manake simiti inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta na baadaye lipu inabambuka. Jiwe la matumbawe lina vishimo, herufi ndogo hazikai vizuri, kwa hivo maandishi yachongwe kwenye marumaru. Vipande viwe vidogo vya kubebeka, gari haliingii vichochoroni, jahazi litashusha gatini na kutoka hapo ni punda na mabega ya watu.

Pesa zipitie akaunti ya kikundi kilichosajiliwa, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi. Mwanasiasa akileta mchango mkubwa mpokee, ila kwenye barua ya makabidhiano muandike kabisa hakuna jina la mtu kwenye jiwe, na muandike pia ofisi gani itapaka chokaa kila mwaka baada ya masika na kwa bajeti ipi. Barua hio isainiwe kabla jiwe la kwanza halijavuka kutoka Manda.